Si Mjusi, Si Babu: Gorgonopsi wa Bonde la Ruhuhu na Historia ya Kumtaja

Mto Ruhuhu hushuka kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mjiolojia G. M. Stockley alipima miamba ya bonde hilo kwa niaba ya Idara ya Jiolojia ya Tanganyika. Hakutumwa kutafuta wanyama. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua makaa ya mawe yalilala wapi, na Stockley akayapanga matabaka ya bonde kwa alama za herufi na tarakimu, kuanzia K1 hadi K8. Mawili kati ya matabaka hayo, K6 na K8, yalikuwa na mifupa mingi kiasi kwamba aliyaita Tabaka la Chini la Mifupa na Tabaka la Juu la Mifupa. Mwaka 1932 alichapisha maelezo ya bonde hilo, na mwaka huohuo S. H. Haughton, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, akachapisha uchambuzi wa visukuku vilivyokusanywa. Hivyo ndivyo wanyama wa Ruhuhu walivyoingia katika maandishi ya sayansi: kwa njia ya makaa ya mawe, kwa Kiingereza, na kwa majina ya Kigiriki na Kilatini.

Miongoni mwa wanyama wa tabaka la K6, ambalo leo wataalamu huliita Usili, yumo mwindaji ambaye ndiye anayehusika na makala hii. Kundi lake huitwa Gorgonopsia. Hapa ataitwa gorgonopsi. Makala inafuatilia jinsi alivyotajwa tangu karne ya 19, kwa sababu makosa ya kumtaja yamekuwa pia makosa ya kumwelewa, na kwa sababu Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya wakazi wa eneo alikochimbuliwa, kimeitwa katika kazi hiyo kwa kuchelewa sana. Kuchelewa huko kuna hasara zake. Kuna pia nafasi moja ambayo lugha zilizotangulia hazikuipata: kuanza na istilahi bila kubeba mzigo wa makosa ya zamani.

Mnyama mwenyewe

Gorgonopsi waliishi katika kipindi cha Permia na walitoweka kipindi hicho kilipofikia mwisho wake, takriban miaka milioni 252 iliyopita. Wakati huo mabara yote yalikuwa yameungana, na ndiyo maana mabaki yao yanapatikana mbali kama Afrika Kusini, Zambia, Malawi, Tanzania na Urusi. Wadogo wao walikuwa na ukubwa wa mbwa wa kawaida. Wakubwa, kama Inostrancevia, walifikia urefu wa takriban mita 3 na fuvu lao lilikaribia nusu mita.

Kinachomtambulisha gorgonopsi ni chonge. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno hili fupi na kamili kwa jino refu lililo kati ya meno ya mbele na magego, wala hapahitajiki kukopa. Chonge za juu za gorgonopsi wakubwa zilizidi sentimita 10, zilikuwa bapa kwa pande zake, na kingo zake zilikuwa na vijimeno kama vya msumeno. Mbele yake palikuwa na meno imara ya kung'atia. Nyuma yake, pale ambapo mamalia ana magego, palikuwa na vijino vidogo visivyo na kazi kubwa. Kwa hiyo mnyama huyu hakutafuna. Aliyapanua mataya yake kwa upana usio wa kawaida, akachoma, akararua na kumeza mapande. Mawindo yake makuu yalikuwa disainodonti, wala majani wenye mdomo mithili ya kasa, ambao mifupa yao imejaa katika tabaka hilohilo.

Ndani ya fuvu mna jambo jingine. Nyuma ya tundu la jicho kuna uwazi mmoja kila upande, ambamo misuli ya taya ilipita. Uwazi huo mmoja ndio alama ya sinapsida, yaani ukoo mzima unaojumuisha mamalia wote wa leo na jamaa zao wa kale. Mijusi, nyoka, mamba, dinosaria na ndege wako katika ukoo mwingine. Koo hizi mbili zilitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, muda mrefu kabla gorgonopsi wa kwanza hajazaliwa. Ukimweka gorgonopsi kando ya mjusi wa ukutani na kando ya fisi, damu yake iko karibu zaidi na fisi.

Reptilia mwenye meno ya mnyama

Hilo halikujulikana wakati Richard Owen alipompa mnyama wa kwanza wa kundi hili jina la Gorgonops torvus mwaka 1876, katika katalogi yake ya visukuku vya reptilia wa Afrika Kusini vilivyokuwa vimehifadhiwa London. Jina linarejelea Gorgoni, viumbe wa ngano za Kigiriki ambao anayewatazama hugeuka jiwe. Pengine si jina baya kwa kitu ambacho chenyewe kilikuwa kimekwisha kugeuka jiwe. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba Owen alimweka katika kundi aliloliita Theriodontia, neno lenye maana ya wenye meno ya mnyama, na kundi hilo akaliweka chini ya reptilia. Alikuwa ameona sawasawa kwamba meno yale yamegawanyika kama ya mamalia. Lakini kabati aliyokuwa nayo ilikuwa na rafu chache, na rafu iliyokuwa wazi iliandikwa reptilia.

Kutokana na uamuzi huo ukazaliwa msemo uliotawala vitabu vya Kiingereza kwa takriban karne nzima, ambao kwa Kiswahili ungekuwa reptilia wanaofanana na mamalia. Msemo huo ulisimulia hadithi ya ngazi: chini reptilia, katikati reptilia aliyeanza kubadilika, juu mamalia. Ilikuwa hadithi rahisi kufundisha. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 20, uainishaji unaofuata nasaba uliiacha, kwa kuwa sinapsida hawakupata kuwa sehemu ya ukoo wa reptilia wa leo. Hata hivyo msemo haukufa. Unaendelea kuonekana katika vitabu vya jumla na katika maelezo ya makumbusho, kwa sababu istilahi iliyokwisha kuchapishwa hudumu kuliko hoja iliyoizaa.

Hapa ndipo penye suala kwa wanaounda istilahi za Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapishwa mwaka 1990, wakati mabadiliko hayo yalikuwa bado yanapenya katika vitabu vya kiada vya lugha nyingine. Tafsiri inayofanywa leo kutoka katika kitabu cha Kiingereza cha miaka ya 1970 italeta pamoja na maneno uainishaji ambao wenyewe wameuacha. Mtafsiri atakuwa mwaminifu kwa matini na mpotoshaji kwa somo. Wapangaji wa lugha huzungumza sana kuhusu upungufu wa istilahi; tarehe ya istilahi hutajwa kwa nadra, ingawa ina madhara makubwa zaidi.

Kutoka Ruhuhu hadi Tübingen na Cambridge

Baada ya Stockley walifuata wakusanyaji wengine. Mwaka 1933 F. R. Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge alikusanya visukuku katika bonde hilo. Katikati ya muongo huohuo Ernst Nowack alikusanya shehena kubwa iliyopelekwa Tübingen, Ujerumani, ambako Friedrich von Huene aliifanyia kazi kwa miaka mingi. Andiko lake kuhusu wawindaji wa Ruhuhu lilitoka mwaka 1950. Miongoni mwa vilivyopelekwa Tübingen ni mifupa ya gorgonopsi iliyokamilika kiasi cha kusimamishwa kama kiunzi kizima, jambo lisilo la kawaida kwa kundi ambalo mara nyingi hujulikana kwa mafuvu tu. Parrington kwa upande wake alichapisha mwaka 1955 uchunguzi wa mafuvu ya gorgonopsi kadhaa na wa sikio la kati la sinapsida.

Uchunguzi huo wa sikio unastahili kuelezwa. Mamalia ana mifupa midogo mitatu katika sikio la kati. Miwili kati yake, nyundo na fuawe, inatokana na mifupa ambayo kwa wanyama wa kale ilikuwa kiungo cha taya. Kwa gorgonopsi mifupa hiyo ilikuwa bado inafanya kazi ya taya. Mafuvu yaliyotoka Songea, kwa hiyo, yalikuwa sehemu ya ushahidi katika moja ya maswali makubwa ya anatomia: binadamu amepataje sikio alilonalo? Mwanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki hujifunza mchoro wa sikio. Ni nadra kuambiwa kwamba sehemu ya historia ya mchoro huo ilichimbwa kando ya Ziwa Nyasa.

Tazama sasa majina. Kiunzi cha Tübingen kilipewa na von Huene jina la spishi parringtoni, kwa heshima ya mtaalamu wa Cambridge. Jenasi yake imebadilishwa zaidi ya mara moja, na miongoni mwa majina kilichopewa ni Sauroctonus, jina la jenasi ya Urusi lenye maana ya muua mijusi. Gorgonopsi mwingine wa Ruhuhu anaitwa Ruhuhucerberus haughtoni: mto wa Tanzania umeunganishwa na mbwa wa kuzimu wa Wagiriki, kisha likafuata jina la Haughton. Mwaka 1974 Parrington alitumia jina la Kingori, sehemu ya bonde hilo, kuunda spishi kingoriensis. Jina la Kingori lilikuwa limetumiwa hata kabla ya hapo kwa disainodonti aliyeitwa Kingoria, lakini ilipobainika kwamba mnyama huyo alikuwa ameshapewa jina jingine awali, kanuni ya kipaumbele ililiondoa, na sasa anaitwa Dicynodontoides. Kanuni hiyo ina mantiki yake, kwani bila hiyo kila mtaalamu angetaja mnyama kwa jina lake. Lakini kipaumbele humwendea aliyechapisha kwanza. Aliyeona kwanza mfupa ukichomoza katika korongo la mto hana nafasi katika kanuni hiyo, na katika visa vingi vya Ruhuhu aliyeona kwanza alikuwa mkazi wa pale, mchukuzi au kibarua, ambaye jina lake halikuandikwa.

Neno mjusi

Wakati wataalamu wakiandika hayo kwa Kijerumani na Kiingereza, umma wa Tanzania ulikuwa tayari na neno lake kwa wanyama wa kale wenye mifupa mikubwa: mjusi. Neno hilo lilijijenga kutokana na Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mabaki ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 na kuyapeleka Berlin. Mijadala kuhusu kurejeshwa kwa mifupa hiyo, bungeni na magazetini, huitaja kama mjusi mkubwa aliyeko Ujerumani. Neno limeshika kwa sababu ni fupi na lina picha. Tena, ndivyo alivyofanya Owen mwenyewe alipounda neno dinosaria mwaka 1842 kutokana na Kigiriki chenye maana ya mjusi wa kutisha. Hapana sababu ya kuwalaumu wasemaji wa Kiswahili kwa tafsiri ambayo msingi wake ni wa Owen.

Kwa dinosaria, mjusi ni kosa dogo. Angalau wote wamo katika ukoo mpana wa reptilia. Kwa gorgonopsi ni kosa la mwelekeo. Linampeleka upande wa pili wa mgawanyiko ulio mkubwa kuliko wote katika historia ya wanyama wa nchi kavu wenye uti wa mgongo, na linamnyima msomaji sababu yenyewe ya kumjali: kwamba mnyama huyu ni wa upande wetu. Pia linafuta muda. Gorgonopsi alikuwa ameshatoweka kwa takriban miaka milioni 100 kabla ya majitu ya Tendaguru kuishi. Simba mwenye meno ya upanga, ambalo ni jaribio jingine linaloweza kumjia mtafsiri, halifai zaidi. Paka wa chonge ndefu walikuwapo kweli Afrika Mashariki, na mabaki yao yamepatikana katika bonde la Turkana, lakini chonge zao na za gorgonopsi zilitokea kila moja kwa njia yake, zikitenganishwa na zaidi ya miaka milioni 200.

Neno babu

Tatizo gumu zaidi linatokana na utajiri wa Kiswahili. Maelezo mepesi kuhusu gorgonopsi husema kwamba ni babu wa mamalia. Kisayansi si kweli. Mamalia walitokana na kundi jingine la sinapsida, yaani sainodonti, ambao baadhi yao waliishi bonde la Ruhuhu wakati mmoja na gorgonopsi; Procynosuchus amepatikana katika tabaka hilohilo. Sainodonti walivuka maangamizi ya mwisho wa Permia. Gorgonopsi hawakuacha kizazi.

Katika lugha nyingi za Ulaya sentensi hiyo ni kosa tupu. Katika Kiswahili ni kosa lenye utetezi. Ndugu wa babu naye ni babu, na mtoto aliyelelewa vizuri hatamwita vinginevyo. Mzee aliyekufa bila kuzaa hubaki kuwa babu kwa wajukuu wa ndugu zake, hutajwa katika nasaba na huombewa dua. Mfumo wetu wa majina ya ukoo, kama ulivyo katika lugha nyingi za Kibantu, haukujengwa kutofautisha mstari wa kuzaliana na matawi ya kando. Ulijengwa kugawa heshima na wajibu. Hivyo msomaji wa Kiswahili anayeambiwa kuwa gorgonopsi ni babu hupokea taarifa ambayo kwa kipimo cha nyumbani kwake ni sahihi na kwa kipimo cha biolojia ni batili, wala hana namna ya kujua kwamba vipimo vimebadilishwa.

Kukataza neno babu kusingesaidia. Linalofaa ni kutofautisha kazi. Mtangulizi au mhenga yaweza kuhifadhiwa kwa mnyama anayedhaniwa kuwa katika mstari wenyewe wa uzazi, na kwa matawi yaliyokatika yatumike maelezo ya wazi: ndugu wa mababu wa mamalia, aliyekufa bila kizazi. Maelezo hayo ni marefu kuliko neno moja, lakini yanaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kukaa kikao cha mirathi. Katika kikao hicho Waswahili hutofautisha kwa ukali kabisa kati ya aliyezaa na ambaye hakuzaa. Lugha ina uwezo huo. Kinachokosekana ni kuutumia nje ya mirathi.

Kiswahili ndani ya Kilatini

Msimu mpya wa utafiti ulioanza bondeni mwaka 2007 umeleta pia tabia mpya ya kutoa majina. Mwaka 2010 mnyama wa tabaka la Manda, jamaa wa karibu wa dinosaria, aliitwa Asilisaurus kongwe. Msomi wa Kiswahili ataona kwamba kivumishi kimesimama bila kiambishi, kongwe badala ya mkongwe, kana kwamba upatanisho wa kisarufi umeachwa mpakani. Mwaka 2022 kisukuku kilichokuwa kimekusanywa mwaka 1963 na msafara wa Uingereza kilipewa jina la Mambawakale ruhuhu. Hapa mambo yamegeuka: kihusishi wa, chenye upatanisho wa ngeli ya viumbe hai, kimeingia mzimamzima ndani ya jina la kisayansi, mahali ambapo Kilatini kingetaka kimilikishi chake. Mnyama mwenyewe ni wa ukoo mpana wa mamba, kwa hiyo hata maana haikupotea. Waliotoa jina walieleza kwamba walichagua Kiswahili kutambua mchango wa Watanzania wasiotajwa majina waliowezesha msafara ule. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita, na majina yao hayakuweza tena kuandikwa. Kilichowezekana ni kuandika lugha yao.

Jambo kama hilo limefanyika ng'ambo ya mpaka. Disainodonti wa Niassa, Msumbiji, aliyetangazwa mwaka 2013, ana jina la spishi mfumukasi, neno la Kinyanja kwa malkia. Kwa gorgonopsi, majina yaliyotajwa hapo juu yamechukua mito na vilima vya eneo lakini si maneno ya lugha yake. Hata Malawi, ambako Haughton aliandika kuhusu mabaki ya Chiweta mwaka 1926, jina lililotolewa, Chiwetasaurus, lilichukua mahali na kuongeza tena mjusi wa Kigiriki.

Kazi inayofuata ni ya pamoja, kwa kuwa tabaka halijui mpaka. Chiweta iko magharibi mwa ziwa na Ruhuhu mashariki. Bonde la Luangwa nchini Zambia lina wanyama wa aina hiyohiyo. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kuwa Inostrancevia, aliyejulikana kwa muda mrefu kutoka Urusi na kisha, mwaka 2023, kutoka Afrika Kusini, alikuwapo pia katika tabaka la Usili. Mnyama aliyechimbwa kwanza na Vladimir Amalitsky kando ya mto Dvina ya Kaskazini ana ndugu zake Songea. Habari hiyo ilichapishwa kwa Kiingereza. Ili iandikwe kwa Kiswahili katika kitabu cha Kampala, Kigali au Dar es Salaam, mwandishi atahitaji mambo machache tu: gorgonopsi kama jina la kundi, katika ngeli ya viumbe hai anapozungumziwa mnyama, na kisukuku katika ngeli yake anapozungumzia mfupa, sinapsida kwa ukoo, chonge kwa jino, na uamuzi wa mapema kwamba reptilia, mjusi na babu havitatumika bila maelezo. Uamuzi wa aina hiyo hauhitaji kamusi mpya. Unaweza kufikiwa katika kikao kimoja cha istilahi, iwapo ataalikwa pia mtaalamu wa visukuku na, kwa kuwa wapo, mmoja wa wakazi wa Ruhuhu waliofanya kazi katika misimu ya uchimbaji ya hivi karibuni, ambao huitaja mifupa hiyo kila siku kwa maneno ambayo bado hayajakusanywa.